Programu Iliyokataa Kutoka na Sauti ya Mama Mkwe

Nilimwambia fundi, "Futa kila kitu. Usibakize hata kimoja."

Aliniuliza tena kama nina uhakika, nami nikajibu ndiyo kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali. Ningeweza kumwambia angoje. Ningeweza kuifunga ile kompyuta, nikairudisha kwenye mfuko wake na kumsubiri shemeji yangu, kama alivyokuwa ameniomba kwa kinywa chake. Sikufanya hivyo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la fundi, hapa Nyakuron, mtaa wa Juba, nikautazama mstari wa buluu ukijaa polepole kwenye kioo, na moyoni nilijiona mtu mjanja sana.

Shemeji ninayemtaja ni kaka mdogo wa marehemu mke wangu. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa shirika moja la misaada. Shirika lilipofunga ofisi yake ya Juba, vitu vya ofisi viligawiwa wafanyakazi: huyu akapata meza, yule friji, mwingine viti. Yeye akapata laptop. Kuchapa hajui, vidole vyake ni vya usukani. Alikuja nayo nyumbani kwangu ameikumbatia kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiye uliyesoma mpaka sekondari kule ukimbizini. Chukua. Leo tuone kama ule uji wa shule haukupotea bure."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Mimi nitabaki na haki ya kuja kula kwako siku yoyote. Dada yangu alikupenda, sijui kwa nini, labda siku ile kulikuwa na vumbi. Lakini ugali wako ni wangu."

Ndivyo tulivyozoeana. Hakuwahi kuniita kwa heshima bila kunitania kwanza, na mimi nilikuwa nikimwita mwizi wa mboga mbele ya watoto wake. Tangu mke wangu afariki, ni yeye peke yake aliyebaki akinisema vibaya kwa mapenzi.

Kompyuta hiyo nilikuwa na kazi nayo. Wanangu wako mbali, kila mmoja na nchi yake, na baada ya msiba walianza kuniuliza habari za mama yao. Alizaliwa wapi hasa? Alikuwa mtoto wa namna gani? Walitorokaje kwenda Uganda? Nilipotaka kuwajibu niligundua kwamba mke wangu namjua kuanzia siku niliyomwona kwenye foleni ya maji, katika kambi ya wakimbizi. Kabla ya foleni ile sijui kitu. Yeye hakuwa msemaji, na mimi sikuwa muulizaji. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na habari zote hizo, naye ni mama mkwe wangu, anayeishi Gumbo, ng'ambo ya daraja, kwa huyo huyo shemeji.

Hapo pana jambo ambalo lazima nilieleze. Kwetu mkwe na mama mkwe wake hawakai pamoja. Humtazami usoni, huli mbele yake, humsemeshi moja kwa moja, na mkikutana njiani mmoja wenu anatafuta kichaka. Vijana waliokulia Kampala hulicheka jambo hili, lakini mimi nililipokea kwa wazee wangu na sijawahi kulivunja. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kuuona vizuri uso wa mama mkwe. Namjua kwa kisogo, kwa kikohozi, na kwa namna anavyoburuta kandambili zake.

Kwa hiyo tulipanga hivi. Jumapili baada ya ibada nilipanda boda boda mpaka Gumbo. Shemeji alimkalisha mama yake kwenye mkeka, chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli kilichopo kila ua wa Juba. Mimi nilikaa upande wa pili wa uzio wa mabati, kwenye gogo, nikiwaelekezea mgongo. Shemeji alishika simu yake ndogo inayorekodi. Mimi nilisema swali, yeye akalipeleka, mama akajibu, simu ikanasa.

"Muulize," nilisema siku ya kwanza, "walipoondoka kijijini, mke wangu alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Mama, anauliza..."

"Nimemsikia. Mimi si kiziwi. Mwambie alikuwa wa kubebwa, lakini alikataa kubebwa."

"Shemeji, anasema alikuwa wa..."

"Na mimi nimesikia."

"Basi mimi kazi yangu hapa ni nini?" akauliza shemeji. "Niende zangu nikalale?"

"Wewe kaa hapo," mama yake akamwambia. "Wewe ni adabu. Na mwambie huyo anayekohoa nyuma ya mabati asogee kwenye kivuli, jua la upande huo ni kali."

Siku hiyo alisimulia kwamba mtoto alishika mwiko wa ugali walipokuwa wanakimbia, na kwamba hakuuachia mpaka mpakani. Akilala, mwiko mkononi. Akivuka mto mabegani mwa baba yake, mwiko mkononi. Kule kambini ukawa ndio chombo pekee cha jikoni walichokuwa nacho kutoka nyumbani.  Mwiko huo niliukuta jikoni kwangu tulipooana, umekatika ncha. Ulikuwapo miaka yote. Sikuwahi kuuliza.

Tuliendelea hivyo Jumapili nyingi. Mama mkwe alisimulia njia waliyopita, watoto waliozikwa njiani na majina yao, jina ambalo bibi yake mke wangu alimpa na ambalo baadaye liliachwa. Aliimba wimbo wa kumlaza, wote, na beti zake. Kila tulipomaliza nilihamisha sauti kutoka kwenye simu ya shemeji kwenda kwenye kompyuta, kisha tukafuta kwenye simu ili kupata nafasi ya Jumapili inayofuata. Na nikiri hapa kwamba sikusikiliza kama inavyotakiwa. Nilijua mashine inasikiliza kwa niaba yangu. Akili yangu ilikuwa kwenye swali linalofuata, au kwenye mgongo ulioniuma kwa kukaa kwenye gogo. Nilijiambia nitasikiliza vizuri nyumbani, nitaandika yote, nitawatumia watoto. Mama mkwe alituomba jambo moja tu: tukimaliza, tumwekee na yeye ajisikie, kwa sababu hajawahi kuisikia sauti yake ikitoka mahali pengine.

Ile programu ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila sikuitambua. Ilikuwa alama ndogo kwenye kona ya chini ya kioo, mfano wa ngao. Asubuhi moja nilipounganisha kompyuta na intaneti ya simu yangu, ngao ile ikawaka, na maneno yakatokea kwa Kiingereza, maana yake kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na ofisi yako.

Ofisi gani? Mimi ni mzee niliyestaafu. Natengeneza vipeperushi vya mazishi na matangazo ya kanisa.

Nikaenda mahali pa kuondolea programu, nikaikuta kwenye orodha, nikabonyeza iondoke. Ikajibu kwamba sina ruhusa, niwasiliane na msimamizi wangu. Nilisoma maneno hayo mara kadhaa. Nilitafuta mafaili yake, nikayafuta moja baada ya jingine, mengine yakakubali, mengine yakasema yanatumika sasa hivi. Yanatumika na nani? Nilizima kompyuta na kuiwasha. Ngao ilikuwa palepale, imetulia, kama mgeni ambaye umemwonyesha mlango naye akavuta kiti.

Jirani yangu, mzee mwenzangu ambaye kila asubuhi huja kunywa chai kwangu, alikuja akanikuta naigombeza.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini, akasogea, akaitazama ile ngao bila kuigusa.

"Ilitoka wapi, hii mashine?"

"Kwa shemeji."

"Na shemeji aliipata wapi?"

"Ofisini kwake. Waligawiwa."

"Watu wakugawie tu?" Akacheka kwa pua. "Ndugu yangu, hilo ni sikio. Unalala nalo chumba kimoja?"

"Ni kompyuta tu."

"Sawa. Kompyuta tu." Halafu akaanza kuzungumzia mvua, kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida, akiitazama kompyuta. Hakumaliza chai.

Mtu wa umri wangu katika nchi hii amejifunza mapema kupunguza sauti. Sihitaji kueleza zaidi, anayejua anajua. Lakini jirani alipanda mbegu tu, kumwagilia nilimwagilia mwenyewe. Nilikata kipande cha plasta ya kidonda nikakibandika kwenye kamera. Nilipokuwa na wageni niliifunga kompyuta ndani ya kitenge, nikaitia kwenye sanduku, nikalisukuma sanduku chini ya kitanda, kisha nikarudi sebuleni nikazungumza kwa kunong'ona. Binti wa kanisa aliyekuja kuchukua tangazo la harusi aliniuliza kama koo linaniuma.

Kisha nikaanza kuyapima maneno ya shemeji. Alikuwa na tabia ya kuuliza, "Ile mashine bado unayo mwenyewe? Hujaiazimisha mtu?" Zamani niliona ni maneno ya kawaida. Sasa nilijiuliza yanamhusu nini. Siku nyingine nilimwambia kwa mzaha kwamba kuna kitu ndani ya kompyuta yake kinakataa kutoka. Hakucheka. Yeye, mtu wa kucheka kila kitu, hakucheka.

"Usiipeleke kwa fundi yeyote," akasema. "Kuna mtu wangu, yuko likizo Nairobi. Akirudi nitamleta. Usimpe mtu mwingine aiguse."

"Kwa nini?"

"Wewe ngoja tu, shemeji. Kwa nini, kwa nini, kama mtoto."

Na simu yake ikalia, akaenda kuipokea nje. Ningemfuata nikamuuliza tena, ningejua yote siku ile. Badala yake nilibaki ndani nikiwaza ni nani anayempigia, na kwa nini atoke nje.

Jumapili iliyofuata sikwenda Gumbo. Nilisema magoti yananiuma. Iliyofuata nikasema magoti tena. Mama mkwe akatuma salamu kwa mwanawe: "Muulize baba wa watoto, anakaa kwenye gogo kwa magoti au kwa makalio? Mwambie mdomo wangu bado hauumwi." Shemeji alinisimulia hayo kwa simu akicheka. Nami nilicheka, lakini nikawa nasikiliza kama kuna mtu mwingine anapumua kwenye laini.

Wakati huo nilikuwa nimeshazificha zile sauti. Nilizitoa mahali ambapo watu huweka nyaraka zao, nikazipeleka ndani kabisa, katikati ya mafaili ya kompyuta yenyewe, folda ndani ya folda, na ya mwisho nikaipa jina la Mahubiri ya Zamani, nikiamini hakuna mpelelezi atakayekuwa na hamu ya kuyafungua. Kwa sababu njia ilikuwa ndefu na mimi nasahau, niliweka mbele, kwenye kioo, kialama chenye jina hilo hilo, cha kunipeleka huko moja kwa moja.

Nilipoamua kwenda kwa fundi, nilichomeka flashi mpya nikanakili Mahubiri ya Zamani. Yalinakilika kufumba na kufumbua. Nilishangaa kidogo, kwa kuwa Jumapili zote zile zilikuwa zinachukua muda kutoka kwenye simu, lakini nilifurahi kwamba yamepita kabla ngao haijashtuka. Sikufungua flashi nihakikishe. Niliogopa kwamba kadiri inavyokaa kwenye mashine ndivyo kile kitu kitakavyoruka na kuingia humo. Niliichomoa, nikaifunga kwenye leso, nikaitia mfuko wa shati.

Fundi ni mtu wa Arua, kule Uganda, mtu mzima, anatengeneza simu na kompyuta kwenye chumba kimoja na mke wake anayeuza vocha. Alijaribu kuitoa programu ile kwa njia zake. Alibonyeza, akasubiri, akapiga mluzi.

"Mzee, hii kitu iko ngumu," akasema. "Nataka paswadi ya bosi. Wewe iko na bosi?"

"Sina bosi."

"Basi napiga fomati. Mimi nafuta yote, naweka Windows mpya. Iko vitu ya kuweka pembeni?"

Nikamwonyesha nyaraka: vipeperushi vya mazishi, matangazo, barua za kamati. Alizinakili zote kwa uangalifu.

"Iko nyingine? Picha? Sauti? Watu nasahau sauti."

Nilimtazama. Alikuwa na simu mbili mezani, zote zimelala kifudifudi. Mke wake alikuwa ameacha kuhesabu vocha, au mimi ndivyo nilivyoona. Kwa nini ataje sauti? Nani aliyemwambia habari za sauti? Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, nikaigusa leso.

"Hakuna," nikasema.

Yaliyofuata nimeshayaeleza. Mstari wa buluu ulijaa, kompyuta ikaamka safi kabisa, haina ngao, haina kitu. Nilimshukuru fundi nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, magoti yote yamepona.

Nyumbani nikaiunganisha na intaneti. Ikazunguka kidogo, ikaniomba nisubiri, kisha ikanikaribisha kwa jina la lile shirika. Ngao ikakaa kwenye kona yake.

Nilirudi kwa fundi siku hiyo hiyo. Akapiga fomati ya pili mbele yangu, akaiunganisha na intaneti yake, na wote watatu, yeye na mke wake na mimi, tukaiona ngao ikirudi.

"Banange!" mke wake akashangaa kwa Kiganda.

Fundi akakuna kichwa. "Mzee, mimi nafuta, yeye narudi. Hii mashine iko na mwenyewe. Iko mtu huko mbali nashika kamba. Wewe uliza yule alikupa."

Hilo ndilo neno nililokuwa nalitaka. Sikupita hata nyumbani. Nilipanda boda boda na kompyuta mapajani, tukavuka daraja, nikaingia ua wa shemeji bila kubisha hodi. Alikuwa chini ya rakuba anakula. Mama yake alikuwa ndani ya nyumba, mlango wazi, na mimi nilijua yuko ndani. Nilisema hivyo hivyo.

"Nani alikutuma?"

Akatafuna, akameza. "Karibu chakula."

"Sikuja kula. Nani alikutuma kuniwekea hiki kitu nyumbani? Wanakulipa ngapi? Ulipokuwa unashika simu hapa kila Jumapili, ulikuwa unarekodi kwa ajili yangu au kwa ajili yao?"

Nilitegemea atanitukana, ndiyo kawaida yetu. Angenitukana ningejua la kufanya. Lakini alinawa mikono polepole, akainuka, akaitazama kompyuta mikononi mwangu, kisha akanitazama mimi kama mtu anayesoma kibao cha barabara asiyokuwa na hakika nayo.

"Unaamini hivyo?" akauliza.

"Naamini ninachokiona."

"Sawa. Njoo kesho saa nne. Njoo nayo." Akaingia ndani.

Kesho yake nilifika. Kwenye rakuba alikuwa amekaa mtu mmoja mnene mwenye miwani, ambaye zamani alishughulikia kompyuta za lile shirika. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi juzi yake. Mimi nilipewa kiti nje ya uzio, nyuma ya mabati, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Uzio una mwanya, kazi yote niliiona kupitia hapo.

Haikuwa kazi. Aliigeuza kompyuta chali, akasoma namba iliyo chini yake, akampigia simu mtu wa makao makuu, akaitaja ile namba, wakaulizana habari za familia, akasema asante. Akaizima na kuiwasha. Akaiunganisha na intaneti. Ngao haikuja.

"Ni hiyo tu?" nikauliza kutoka nyuma ya mabati.

"Ni hiyo tu, mzee. Ni programu ya kuhesabia vifaa, visipotee ofisini. Haisikilizi, haitazami. Tulipofunga tulisahau kuziondoa mashine kwenye orodha. Mimi ndiye niliyemwambia dereva akuambie usipeleke kwa fundi. Nilijua watakufutia vitu vyako bure, na yenyewe irudi. Tena yeye ndiye aliyetia sahihi, ikipotea wangemuuliza yeye."

 Shemeji hakunigeukia. Akasema, bila furaha na bila hasira, "Haya. Tuwekee basi sauti ya mama. Amekaa hapo tangu asubuhi anasubiri kujisikia."

Niliitoa leso mfukoni. Nilipitisha flashi kwenye mwanya wa mabati, shemeji akaipokea, yule mtu akaichomeka. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mzee," akasema, "hiki ulichonakili si folda. Ni kile kialama cha kuelekeza tu. Kinasema twende mahali fulani ndani ya kompyuta. Zenyewe ziko wapi?"

Nilimwambia zilikuwa hapo hapo zilipoelekezwa. Akauliza kama fundi alifuta. Nikasema alifuta, mara mbili, na kwamba ni mimi niliyemwambia. Alijaribu programu nyingine ya kutafuta vilivyofutwa, tukangoja mpaka kivuli cha rakuba kikahama. Hakukuwa na kitu. Simu ya shemeji nayo tulikuwa tumeifuta kila Jumapili kwa mikono yetu.

Kutoka mlangoni mama mkwe akauliza, "Mbona kimya? Si mlisema nitajisikia?"

 Shemeji akaenda, akachuchumaa kando yake, akasema naye kwa sauti ya chini. Niligeuka nikautazama msururu wa magari kwenye barabara ya Nimule. Nilisikia kandambili zikiburutwa, zikasimama.

"Jana nilimsikia alivyosema kwako," akamwambia mwanawe, na hakushusha sauti. "Nilifikiri ni joto. Kumbe maneno yangu alikuwa ameyaficha, hata fundi asiyaone. Mtoto wangu aliishi na huyu." Akashika mlango. "Mwambie nimechoka kusema."

Mlango ukafungwa.

Nilifanya yanayotakiwa. Nilituma wazee wawili wa ukoo wangu na mbuzi, wakaniombea msamaha. Shemeji aliupokea. Mbuzi alichinjwa, tukala, akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilipomwita mwizi wa mboga alitabasamu kwa adabu akasema, "Karibu tena, mzee." Tangu siku hiyo ananiita mzee. Hajaniita shemeji tena, hajanitania, na haji kula kwangu bila kualikwa.

Nilimwomba mara moja ampelekee mama yake maswali upya. Alinijibu kwamba hawezi kumwambia mama yake arudie kuwataja watoto aliowazika njiani, kwa sababu mimi nilimdhania yeye ni mpelelezi.  Mimi mwenyewe siruhusiwi kumuuliza, na hakuna mwingine wa kuupeleka mdomo wangu mbele yake.

Jirani bado anakuja kunywa chai. Nilimweleza jinsi ilivyokwisha, akasema, "Sasa angalau una uhakika." Nikamjazia kikombe. Yeye alisema neno moja tu, yaliyobaki yote yalikuwa yangu.

Kompyuta inafanya kazi vizuri. Nimeandikia watoto habari ya mwiko, kwa sababu hiyo niliisikiliza kwa masikio yangu, na mwiko wenyewe nimeutundika ukutani. Nimejaribu kuukumbuka wimbo. Napata mstari wa kwanza, kisha naweka maneno ya kubuni. Jina ambalo mke wangu alipewa na bibi yake nililisikia mara moja, na sikulishika.

Mama mkwe yu hai, anakohoa kule Gumbo, na yote anayakumbuka. Mimi nimekosa maisha ya mke wangu ya kabla sijamwona, wanangu wamemkosa mama yao akiwa mtoto, na sina shemeji tena.